Karanga ya Mpishi

Restuta hakuupenda ule mchezo tangu siku ya kwanza, na hakuona kwa nini afiche. Wapo watu wakichukia kitu hununa pembeni, wakakisema kikiwa hakipo. Yeye alikisema kikiwa mbele yake. Ubao wa mchezo ulilazwa juu ya meza ya darasa la watu wazima, naye alikuwa amekwisha kuuambia usoni kwamba ni wa kipuuzi.

"Tunacheza wanne, anaamua mmoja," alisema. "Sasa sisi watatu tumeitiwa nini? Kumwokotea dadu ikianguka?"

"Mama Esperansia, si mchezo tu huo?" Generoza, jirani yake, alijaribu kumtuliza.

"Ndiyo, mchezo. Nami nausema mchezo. Au umenisikia nikimtaja mtu?"

Hakumtaja mtu, lakini kila aliyekuwepo alijua ni nani. Nahodha wa mchezo alikuwa Bulugu, mwenyekiti wa kijiji, na baina ya Restuta na Bulugu palikuwa na shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa bondeni. Restuta alizaliwa Keza, upande wa Ngara, akaolewa na Matiasi, na mwaka wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini wakajikuta upande wa Biharamulo, wamepangwa kando ya barabara pamoja na Wasukuma, Wasubi, Wahaya wachache na watu waliovuka mpaka zamani wakikimbia ya kwao. Kibao cha kijiji kiliandikwa UMOJA. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha kokoto huko juu, na walioligawa lile eneo hawakuwa watu wa kushika jembe. Matiasi hakulalamika. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Alishuka bondeni kwenye matete, ambako hakuna aliyetaka kwenda kwa ajili ya mbu na ruba, akafyeka kiangazi cha kwanza, akafyeka na cha pili, akachimba mifereji mpaka maji yakajua njia yao. Baada ya hapo, wakati wenzao wanakula makopa ya muhogo, kwa Restuta kulikuwa na viazi na mboga mbichi.

Kisha vita ikaja. Matiasi akachukuliwa pamoja na wanamgambo wenzake, akapanda lori, na jembe lake likabaki nyuma ya mlango, tope la bonde likiwa halijakauka.

Vita ilipokuwa imepamba moto huko mbele, siku moja ya mwezi wa pili Malongo alipita na mbiu. Malongo alikuwa mpiga mbiu wa kijiji na seremala wa kijiji, Msukuma wa kutoka upande wa Shinyanga, mwenye mikono ya dhahabu na ulimi ambao herufi r haikupata kulala humo hata usiku mmoja. Aligonga chuma chake na kupaza sauti.

"Ndugu wananchi! Jumamosi kuna kula ofisini! Kula, ndugu zangu! Wote mfike, asiyefika asije akalalamika!"

Restuta alikuwa anachambua maharage. Akaacha. Kula? Matiasi yuko kwenye handaki, hajulikani kama ameshiba au ameshalala na njaa, na hapa watu wanaitana kula? Alifura. Jumamosi ilipofika alifunga mlango akakaa ndani. Harufu ya mbuzi ilipokuja na upepo kutoka ofisini alisonya, akajiambia kwamba angalau kijiji hiki kina mtu mmoja mwenye haya.

Jumatatu alishuka bondeni, akakuta watu wanalima.

"Kijiji kimeamua," Bulugu alimwambia. Alikuwa amesimama na viatu vyake juu ya ukingo wa mfereji wa Matiasi. "Shamba halina mwanamume, litalala bure. Sasa ni la kijiji. Litatulisha wote, na wewe ukiwemo."

"Kimeamua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi mlikuwa mnatafuna mbuzi!"

"Ulitangaziwa, hukuja," Bulugu alisema, akampa mgongo.

Restuta aliona amedanganywa mchana kweupe. Hakuna mkutano uliotangazwa. Masikio anayo, na yalisikia habari ya kula tu. Tangu siku ile alimwita Bulugu mwongo, dukani, kisimani, na nje ya kanisa baada ya misa. Majirani walitazama chini, au wakaanza kuzungumza habari za mvua. Yeye alidhani wanaogopa. Bondeni pakasimikwa kibao cha shamba la kijiji. Kibao kilisema la kijiji. Nyanya zilipoiva zilisema la Bulugu, maana zilipakiwa kwenye baiskeli ya mdogo wake kila siku ya soko, zikaenda Biharamulo mjini, na kilichorudi hakuna aliyekiona.

Redio ikatangaza kwamba adui ameshindwa. Watu wakacheza ngoma. Matiasi hakurudi. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema amemwacha mzima, analinda daraja. Restuta alimshukuru Mungu, kisha akalia kwa hasira: mume wake analinda daraja la watu wengine, na bonde lake mwenyewe halina wa kulilinda. Sasa kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni. Alitaka jambo moja tu, mvua ya kwanza imkute bondeni kwenye matuta yake, ili siku Matiasi atakaposhuka kwenye lori amwonyeshe shamba, si kibao.

Mchezo nao ulitokana na sinema. Katikati ya kiangazi hicho lilikuja gari la sinema, wakatandika shuka jeupe kwenye ukuta wa ofisi. Kwanza walionyeshwa namna ya kuchimba choo, kisha namna ya kunyunyizia pamba dawa. Mafuta ya jenereta yakawa yamebaki, kwa hiyo mwendesha mashine akaweka filamu moja ya kale ya kizungu, isiyo na rangi. Watu wanne walikuwa ndani ya chombo cha chuma kilichopotea kati ya nyota. Humo ndani palikuwa pameingia kitu kisicho na umbo, na kazi yake ilikuwa kula taa. Kikiingia chumba hiki, taa kwisha. Kikiingia kile, kwisha. Telesfori, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alitafsiri kwa kipaza sauti. Alichoelewa alikisema, asichoelewa alikitunga, na ndiye aliyekipa kile kitu jina la Mla-taa. Wanawake walijifunika khanga machoni na kuchungulia kwenye pindo. Mwishoni wale wanne, waliokuwa wamegombana safari nzima, walishika kila mmoja waya wake, wakaiwasha taa ya mwisho kwa pamoja, na Mla-taa akapasuka.

"Ujamaa huo!" Telesfori alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, ujamaa ndio huo!"

Telesfori hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba kila alichokiona kilikuwa ujamaa, hata msafara wa siafu. Hakutulia mpaka alipoigeuza ile sinema kuwa mchezo wa mezani. Alimtafuta Malongo, Malongo akalainisha ubao na kuchora chombo chenye vyumba. Katika kila chumba paliwekwa kizibo cha soda: kikilala chali taa inawaka, kikifudikizwa imezimika. Mla-taa alikuwa kipande cha mkaa. Wachezaji walikuwa Nahodha, Mlinzi, Daktari na Mpishi, na hawakushindana wao kwa wao. Dadu ilirushwa, mkaa ukasogea, na sheria kubwa ilikuwa moja: wote hushinda au wote hushindwa. Palipohitaji neno, Telesfori alilitamka na Malongo akalichonga kwa patasi, herufi safi kabisa. Kazi ilipokwisha Telesfori akaitwa semina Bukoba. Alimwachia Bulugu ubao, kibuyu cha karanga zilizomenywa, na maelezo marefu ambayo Bulugu aliyasikiliza mpaka katikati.

Alichokisikia vizuri ni habari ya mashine. Afisa elimu ya watu wazima wa wilaya angekuja kuutazama mchezo ukichezwa. Akiridhika ungepelekwa kwenye madarasa mengine, na kijiji kilichouanzisha kingepewa mashine ya kusaga. Wanawake waliokuwa wakijitwika debe la mahindi mpaka mjini waliutazama ule ubao kwa jicho jipya. Hata Restuta aliitaka mashine. Bulugu akajichagua kuwa Nahodha. Malongo akawa Mlinzi, Generoza akawa Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Alibaki Mpishi. Bulugu hakumtaka Restuta, lakini wanawake wa darasa lile waliosoma bila kufuatisha kidole hawakuwa wengi.

"Wewe Mpishi," alimwambia. "Jikoni ndiko kwenu."

Wakaanza kufanya mazoezi. Tuseme haki, mchezo ulikuwa na uzuri wake, na Restuta, pamoja na ukali wake wote, hakuukana. Kile kipande cha mkaa kikisogea mlangoni moyo ulidunda kweli. Vizibo vikifudikizwa kimoja baada ya kingine, hata Malongo, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Na ilikuwa jambo geni, na tamu, kukaa mezani bila kumwombea mwenzako mabaya. Kwenye bao lazima mmoja anyang'anywe kete zake ndipo mwingine acheke. Hapa hofu ilikuwa ya wote. Hilo Restuta alilisifu mbele ya darasa, kwa sauti.

Aliyoyasema baada ya hapo hayakuwa sifa. Sheria haikusema popote kwamba Nahodha ndiye mwenye akili, lakini tangu dadu ya kwanza Bulugu alikuwa anaamuru. Daktari, nenda chumba kile. Mlinzi, rudi nyuma. Wewe Mpishi, simama mlangoni umcheleweshe. Mla-taa akikaribia, ilibidi mtu mmoja aachwe mlangoni ili wengine wapate nafasi ya kukimbia, na aliyeachwa siku zote alikuwa Mpishi. Restuta alikufa Jumatatu, akafa Jumatano, na Ijumaa akafa mara mbili kabla ya jua kutua.

"Hebu nami nimwache mtu mlangoni," aliomba siku moja.

"Mpishi haachi mtu. Mpishi anapika," Bulugu alisema, na wanaume waliokuwa dirishani wakacheka.

Jambo jingine lililomkera ni vile vituo vilivyochongwa neno KULA. Ukifika hapo kila mchezaji anapewa karanga moja, anaitafuna, basi, mchezo unaendelea. Malongo alivipenda sana vituo hivyo, alivisubiri kwa mate. Restuta alivichukia.

"Hii ni akili gani?" alimuuliza Generoza wakirudi nyumbani. "Chombo kinazimika, watu tumekaa tunatafuna! Telesfori amekwenda shule kutunga hivi? Ningekuwa mimi huyo Afisa, ningeuchukua ubao huu nikaanikia maharage."

Hawakushinda hata mara moja. Kila jioni taa zote zilizimika, Bulugu akalaumu dadu, Malongo akamalizia karanga.

Afisa alifika na Landrover yenye vumbi mpaka kwenye vioo, na Telesfori akiwa nyuma, ametoka semina moja kwa moja. Afisa mwenyewe alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu.

"Shikamoo mama," alimwambia Restuta mlangoni mwa darasa.

"Marahaba," Restuta alijibu, na pua yake wakati huohuo ikapata harufu. Nyuma ya ofisi palikuwa na sufuria kubwa juu ya mafiga. Bulugu alikuwa amemchinjia mgeni mbuzi. Ilikuwa harufu ileile ya Jumamosi ile, na Restuta aliingia darasani damu ikiwa tayari inamchemka.

Kijiji kizima kilikuja. Waliokosa nafasi ndani walisimama madirishani. Bulugu, aliyepitia kozi ya uongozi na kutoka humo na r zake zote, alitoa hotuba juu ya umoja, kisha wakakaa wanne mezani. Dadu ikarushwa. Mla-taa akaanza safari yake, taa ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika, na Bulugu akaanza kuamuru. Mara Malongo akaangukia kituo cha KULA. Uso ukamchanua. Bulugu akagawa karanga, na kabla Telesfori hajafumbua mdomo, ya Malongo ilikuwa imekwisha kumezwa.

"Mnafanya nini?" Telesfori aliuliza.

"Tunakula, mwalimu."

"Mnakula nini?"

"Kalanga. Si imeandikwa?" Malongo alionyesha herufi zake kwa fahari.

Telesfori aliinama juu ya ubao, akasoma, akashika kichwa. "Kura! Jamani, ni kura! Hizo karanga ni za kupigia kura! Kila mtu anaiweka yake kwenye chumba anachotaka kiwashwe. Zote nne zikikutana chumba kimoja, taa inawaka. Ikipungua moja, haiwaki. Mwezi mzima mmekuwa mkila kura?"

"Si ndiyo hiyo, kula," Malongo alisema, akiwa ameudhika sasa. "Wewe uliniambia kula, nami nikachonga kula."

Afisa alicheka mpaka akatoa leso. Darasa zima likaangua kicheko, na madirisha nayo. Restuta alikuwa anaitazama karanga iliyokuwa kiganjani mwake, na sauti ya Malongo ya mwezi wa pili ilikuwa inampitia kichwani neno kwa neno. Jumamosi kuna kula ofisini. Wote mfike. Asiyefika asije akalalamika.

Mchezo ukaanza upya, safari hii kwa kura, na ukawa mchezo mwingine kabisa. Taa zilizozimika zikawaka tena. Ilibidi watu waulizane: tuwashe kipi? Bulugu hakuweza kuamuru tu, kwa sababu karanga ilikuwa mkononi mwa kila mtu. Generoza alitoa wazo, likafuatwa, likawa zuri, akashangaa mwenyewe. Nje watu walishangilia. Restuta aliweka karanga yake kila alipotakiwa, bila neno, na wale waliomfahamu wakaanza kuogopa. Mla-taa hata hivyo hakuwa na huruma. Dadu iliwageuka, vizibo vikafudikizwa, mpaka ikabaki taa ya mwisho tu ya kuwashwa, ile ya kumpasua Mla-taa kama kwenye sinema, na mkaa uko mlangoni. Zamu ikawa ya Generoza. Akarusha, akahesabu kwa kidole, akafika kituo cha kura. Kelele zilizopigwa ziliwatimua kuku waliokuwa uani. Karanga zikagawanywa. Bulugu akaweka yake kwenye chumba cha taa ile. Malongo akaiaga yake kwa macho, akaweka. Generoza akaweka.

Restuta akafunga ngumi.

"Mpishi, weka," Bulugu alisema.

"Malongo," Restuta alisema, "siku ile ulipopita na mbiu, kabla watu hawajaingia bondeni kwangu, ulitangaza kula au kura?"

"Kula," Malongo alijibu.

"Ipi?"

"Ile ya mkono." Akanyosha mkono wake juu, kumwonyesha.

Kwa hiyo alitangaziwa. Miezi yote hiyo alimwita Bulugu mwongo, kumbe kwa neno lile hakuwa mwongo. Mtu mwingine angepoa hapo, pengine angeomba radhi. Restuta alizidi kuwaka, maana bado palikuwa na harufu ya mbuzi puani mwake, na mbuzi hakuwa kosa la ulimi wa mtu.

"Na mbuzi je? Generoza, wewe ulikuwepo. Kulikuwa na kura au kulikuwa na kula?"

Generoza alitazama meza. "Vyote viwili," alisema polepole. "Tulikula kwanza. Halafu Mwenyekiti akasema wanaokubali shamba liwe la kijiji wanyoshe. Tukanyosha. Mikono ilikuwa bado ina mafuta." "Mimi nilipewa mguu wa mbele, Mama Esperansia. Nilikuwa sijala nyama tangu Krismasi."

Restuta alisimama, na kiti kikaanguka. Kiswahili chake cha darasani, alichokuwa akikitunza vizuri, kilimkimbia chote, ikabaki lugha ya Keza ndani ya maneno ya Kiswahili.

"Mmekura!" alisema. "Mmekura kura yangu! Matiasi yuko vitani, nanyi mmekaa hapa mkakura kura yangu na mbuzi! Mwezi mzima mnaniua hapa na karanga, mnanicheka dirishani, kumbe kukura kura mlishazoea!"

Siku nyingine wangemcheka kwa hizo r zake. Siku hiyo hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa.

"Ndugu Afisa, utatusamehe," Bulugu alisema akijitia tabasamu. "Haya ni mambo ya kijiji na yalikwisha. Mama huyu ana kichwa moto. Mpishi, weka karanga."

"Ni amri?"

"Ni amri ya Nahodha."

"Basi Nahodha akae gizani."

"Restuta, usitukoseshe mashine!" mwanamke mmoja alilia kutoka dirishani.

"Wote hushinda au wote hushindwa," Restuta alimjibu bila kugeuka. "Mchezo huu sikuutunga mimi. Tangu mwezi wa pili nashindwa peke yangu, na wewe ulikuwa unapita unanisalimia. Leo nataka wenzangu wa kushindwa nao."

Telesfori alikuwa amesimama na kizibo cha taa ya mwisho chini ya kidole chake, hajui akigeuze au akiache. Kisha Generoza akainuka, akasimama upande wa Restuta wa meza.

"Irudiwe," alisema. "Mwenyekiti, ile kura irudiwe."

"Irudiwe!" mtu akasema nyuma. Wengine wakaitikia, kwanza madirishani, ambako ni rahisi kusema bila kuonekana, kisha ndani. Afisa hakuwa anacheka tena. Alimuuliza Bulugu kama mkutano wa kijiji hauwezi kurudia uamuzi wake. Bulugu alisema unaweza, lakini lazima watu watangaziwe. Afisa akatazama darasa, akatazama madirisha, akauliza ni nani hasa ambaye hayupo.

"Ni kweli, wapo," Bulugu alisema, na jasho lilianza kumtoka. "Basi hakuna neno. Lakini mgeni amesafiri, na chakula kimeiva. Tule kwanza, halafu tutazungumza vizuri."

Mguno uliotoka katika darasa lile haukuwa wa mtu mmoja. Bulugu mwenyewe alisikia alichokisema, lakini kilikuwa kimekwisha toka.

"Kula kwanza!" Malongo alipiga kelele, akigonga meza kwa ngumi mpaka vizibo vikaruka.

Bulugu akapata nguvu. "Mnasikia? Kula kwanza, hata Malongo anasema."

"Siyo kula hiyo," Malongo alisema, akanyosha mkono juu mpaka kwapa la shati likaachia. "Kula hii!"

Ikapigwa hapohapo. Telesfori ndiye aliyeuliza, kwa sababu Bulugu alisema ana kikohozi: wanaotaka bonde lirudi kwa Matiasi na mkewe, wanyoshe. Mikono ikanyoshwa, ndani na nje, mikavu, ya watu wenye njaa wanaosikia harufu ya mbuzi. Yule mwanamke wa dirishani alinyosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Wa Bulugu ulibaki juu ya goti lake na hakuna aliyeungoja.

Restuta alitazama mikono ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakushukuru. Kisha akafungua ngumi. Karanga ilikuwa imelowa jasho, ganda lake jekundu limebanduka na kubaki kiganjani. Akaiweka juu ya ubao kando ya zile tatu. Telesfori akawasha taa, akaondoa mkaa, na kijiji kikalipuka kwa vigelegele, kwa ajili ya mashine.

Katika zogo lile Afisa alimsogelea Restuta. "Mama, nitatakiwa kutoa maoni ya wachezaji. Wewe uliyeucheza, unauonaje? Ni mchezo mzuri?"

"Mbaya," Restuta alisema.

"Lakini si mmeshinda?"

"Tumeshinda. Mbaya vilevile. Mchezo mzuri ungeniuliza kabla sijakasirika."

Nje Malongo alikuwa anaita watu kula, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza ni ipi. Generoza alimshika Restuta mkono, akamwambia angalau achukue mchuzi. Restuta akautoa mkono wake, si kwa nguvu, akapita katikati ya watu. Nyumbani alichukua jembe la Matiasi nyuma ya mlango, akashuka nalo. Harufu ya mbuzi ilimfuata mpaka nusu ya njia, na alikuwa na njaa kweli. Bondeni aling'oa kibao kwanza, kwa sababu kilisimikwa juu ya tuta la viazi, kisha akaanza kulima.